Safari Uliyompangia Mjomba Wako

Palma, 18 Januari 2026

Kwa Yasmin, shoga yangu wa tangu utotoni,

Pokea salamu zangu nyingi huko Pemba uliko, wewe na wote mnaokula chungu kimoja. Natumaini u mzima, kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha, na usiku unapata usingizi. Mimi namshukuru Mungu, sijambo kabisa. Nimenenepa mashavuni na jua la baharini limenikoza rangi, kwa hiyo ukinikuta njiani usinipite ukadhani ni mtu mwingine.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Ningekupigia simu, lakini namba yangu uliifunga tangu Agosti, na kwenye WhatsApp hata picha yako siioni tena. Ndiyo maana nimekaa na karatasi kama walivyofanya wazee wetu. Barua hii nimempa Cândido, yule anayeendesha chapa, basi dogo la abiria la kwenda mjini Pemba, na nimemwambia akuwekee mkononi mwako, asimwachie mtu mlangoni. Unapoisoma uwe umekaa. Kama kuna chai, inywe kwanza.

Huku kwetu habari ni za kawaida. Mvua zimeanza, njia ya sokoni ni tope tupu, na vijana wa pikipiki wanatuvusha madimbwi huku wakitucheka. Watu wanazidi kurudi makwao. Yule jirani yenu wa nyuma ameezeka upya na amepanda mchicha mpaka mlangoni. Cherehani yangu haipumziki, maana kila mwenye mchumba anataka kufunga ndoa kabla ya Ramadhani. Nasikia nawe umo.

Lakini kabla sijafika kwenye safari, niruhusu nikukumbushe jambo. Sidhani kama umelisahau, ila napenda tu kuliandika. Tulipoikimbia Palma wakati wa vita, mimi na wewe tulilala chini ya turubai moja. Tulikuwa na kanga moja, tukaikata kwa mkasi ili kila mtu apate cha kujifunika, na mama yangu akawa anatuita mapacha wake. Kwa hiyo mama alipougua mwaka jana, ikabidi nimpeleke hospitali Pemba, sikuwa na mtu mwingine wa kumfikiria. Nilikupa ufunguo wa nyumba yangu. Nikakuomba umwangalie Jafar, mchumba wangu, asilale na njaa, kwani hata yai hajui kuchemsha. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi, atakula vizuri. Kweli alikula.

Mama alinifia mikononi, nikamzika hukohuko. Jafar hakuja mazikoni, nawe hukuja. Nikadhani barabara imefungwa tena, nikawaombea dua muwe salama. Nimerudi Palma, habari naipata bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo zao, kwamba Jafar amevunja uchumba na siku hizi njia yake ni ya kwenu. Nilipokuja kukuuliza ulinijibu kuwa mwanamume si mbuzi wa kufungwa kamba. Nilipoondoka ukawaambia wenzako kuwa mimi ni makaka, muhogo uliokaushwa ukasahauliwa juu ya paa. Nililetewa maneno hayo yote jioni ileile, hakuna lililopotea njiani. Nilikuchukia, Yasmin. Bado nakuchukia, na sioni sababu ya kukuficha wakati tulizoea kuambiana kila kitu.

Haya, tuje kwenye mambo ya sasa. Unajua vizuri kilichokuwa kinawachelewesha wewe na Jafar. Katika nyumba yenu posa ya binti hujibiwa na mjomba kwa wanaume, na kwa wanawake hujibiwa na mkaza mjomba. Mke huyo wa mjomba ndiye anayepokea sinia la wageni likiwa limefunikwa. Akilifunua, posa imekubaliwa. Akilirudisha na kifuniko chake, wageni huvaa viatu vyao wakaenda. Mjomba asiye na mke hajibu posa, hata awe na mapenzi gani na mtoto wa dada yake. Na mjomba wako Aiuba, ambaye ndiye aliyekulea tangu baba yako alipoondoka, alikuwa mjane, na bibi yenu ambaye angeshika nafasi hiyo naye ni marehemu. Wazee wa Jafar walikuja wakaambiwa wasubiri.

Wewe na subira hamjawahi kujuana. Ukaanza kumkalia mjomba shingoni aoe. Ukampigia simu asubuhi, ukampigia mchana yuko kazini, mikono imejaa grisi. Ukamwambia aoe yeyote, hata kama si mzuri, hata kama umri umekwenda, ilimradi aoe upesi. Maneno hayo sikuyatunga mimi, nimeambiwa na mwenyewe.

Ndipo ukasikia kuwa Dona Olívia, yule mwalimu wa sekondari aliyeletwa kutoka Nampula, anapanga excursão, matembezi ya likizo ya kwenda Tanzania: kuvuka Ruvuma, kwenda Kilwa kwa basi, kisha kupanda boti ya watalii hadi Songo Mnara na Mafia. Ulimpigia ukamwombea mjomba nafasi. Ukamwambia pia, kwa siri ya watu wazima, kwamba kama katika kundi lake yuko mwanamke aliyekwishakomaa, mwenye adabu, asiye na mume, basi afanye juu chini amkalishe karibu na mjomba. Dona Olívia ni mgeni hapa, hajui nani alimfanya nani nini. Alipitisha macho katika kundi lake akamtafuta mwanamke wa namna hiyo, na macho yakatua kwangu.

Mimi safari ile nilisukumwa na kaka zangu, waliochoka kuniona nimejifungia na cherehani. Sikujua kama Aiuba yumo mpaka nilipomwona Namoto mpakani, kwenye foleni ya pasipoti, na begi lake dogo na kofia aliyoikunja mfukoni. Nusura nigeuze nirudi nyumbani. Yeye akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole ya mama. Katika nyumba yenu nzima huyo ndiye wa kwanza kunipa pole, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya wengine. Nilimjibu kwa mkato, maana nilikuwa na hasira na kila mwenye damu yako.

Tulipofika Kilwa, Dona Olívia akatupanga wawili wawili. Akasema botini kila mtu ana mwenzake, akague jaketi la mwenzake la kuelea, na tukishuka kisiwani asirudi bila mwenzake. Mimi akanipa Aiuba. Akacheka peke yake, nikamwona wa ajabu. Siku ya pili, tukitembea katika magofu ya Songo Mnara, ndipo akaniambia sababu ya kicheko. Akasifu sana moyo wa yule binti anayemhangaikia mjomba wake namna hiyo, akalitaja jina lako. Yasmin, nilikaa juu ya jiwe la watu waliokufa zamani nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na Dona Olívia akadhani jua limenipiga.

Hapo ndipo nia mbaya iliponiingia, na ilipoingia sikuitoa. Nilijiambia huyu mtu nitamchukua. Nitakaa kwenye mkeka wa mkaza mjomba, na Jafar atakuja na wazee wake, na sinia litaletwa mbele yangu. Toka hapo nikawa mtu mwingine. Nikapaka usoni msiro, ule unga mweupe wa mti wa urembo, asubuhi, nikafunga kiunoni kapulana yangu ya njano, nikawa nacheka vitu visivyochekesha. Niliporudi botini nikamkuta mjomba wako kakaa pale nilipotaka kukaa, nikamwomba asogee kidogo. Akasogea sana, karibu aanguke.

Basi kusudio langu lilikuwa hilo, lakini Aiuba aliliharibu mapema. Boti ilipotoka nje kuelekea Mafia bahari ikachafuka, na mjomba wako, ambaye maisha yake yote ni kutengeneza mashine za boti, akatapika kama mtoto. Kumbe mashine anazitengenezea ufukweni, safarini haendi nazo. Nikamshikia ndoo. Katikati ya kutapika akawa ananiomba msamaha, na akaniomba sana nisiwaambie wateja wake. Nilimcheka mpaka naye akacheka, ndoo ikiwa mikononi mwetu sote. Tangu mama afe nilikuwa sijacheka bila uchungu ndani yake. Nilikasirika, maana sikuja kule kufurahi.

Siku zilizofuata tulikaa pamoja kwa sababu ndio utaratibu wa Dona Olívia, kisha tukakaa pamoja hata alipotuachia. Alinihadithia kuhusu marehemu mkewe bila kumpamba na bila kumsengenya. Aliniuliza habari za mama, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza mama alikufaje. Jafar hakuuliza. Wewe uliyemwita mama, hukuuliza.

Mafia tulipelekwa kuwaona papa potwe, wale samaki wakubwa wenye madoa wasiodhuru mtu. Mimi nilirukia majini pamoja na vijana. Aiuba alibaki juu ya boti, amenishikia viatu na mtandio, macho yake yapo kwangu tu, samaki hata hakuwatazama. Nilipopanda, nimelowa nimejifunika mtandio, akaniambia mbele ya kundi zima kwamba angependa niwe mwenzake hata baada ya Dona Olívia kuvunja orodha yake. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa akituongoza alitaka Aiuba apige magoti ili ampige picha, kama wanavyofanya kwenye simu. Aiuba akamjibu kuwa magoti yake huyaweka chini kwa swala tu, na kwamba maneno yenyewe atakwenda kuwaambia kaka zangu, Palma, akiwa amevaa kanzu. Wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Pete alikuwa ameinunua mjini Kilindoni, ya fedha, imenikaa sawasawa. Aliniambia alimpelekea sonara kipande cha uzi nilichokuwa nimekizungusha kidoleni asubuhi, aliponiomba uzi akisema anashona kifungo.

Sikumjibu palepale. Nilimwita pembeni nikamweleza yote: kwamba namjua ni mjomba wa nani, kwamba nilimtega, kwamba kila nilipocheka siku ya kwanza nilikuwa naliona sinia. Nilijua huenda akanivua pete mbele za watu, na niliogopa, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimeshamtaka mwenyewe, si sinia peke yake. Alinisikiliza huku akiangalia maji. Akasema hasira zangu alizijua tangu Namoto, na yaliyopita anayajua, na siku ulipomchukua Jafar alikukemea, ukamjibu kuwa asiye na mke hana la kusema katika mambo ya wanawake. Hilo lilimuumiza, Yasmin, kuliko unavyodhani. Kisha akaniuliza swali moja, kama naolewa na yeye au naolewa na hasira zangu. Akanipa mpaka asubuhi.

Asubuhi nilimjibu kuwa naolewa na yeye, na hasira zangu nakuja nazo, sina pa kuziacha. Akacheka kile kicheko cha ndooni. Akasema mke anayejitangazia ubaya wake mwenyewe hamwogopi, wanaomtisha ni wale wapole.

Kwa hiyo pokea habari, na zikupendeze kwa sababu ni kazi ya mikono yako. Mjomba ameshazungumza na kaka zangu na wamekubali. Nikaha yetu ni Ijumaa hii, hapa Palma, bila makuu. Jumapili inayofuata wazee wa Jafar wameitwa kuja kupata jibu lao. Nimeshauosha mkeka wa marehemu mkewe, maana mjomba wako alinionyesha ulipo na kuniambia sasa ni wangu. Toka Ijumaa hutaniita shoga tena. Mimi ni mkaza mjomba wako, nawe ni mwanangu, na mbele yangu utaingia umevua viatu.

Bila shaka unasoma hapa umeshika kifua, unasema Zuleica atalirudisha sinia. Watu wa hapa nao wanasema hivyo. Wanawake wa bombani wananiuliza kwa macho, wanangoja Jumapili kama wanavyongoja Idi. Mimi mwenyewe, tangu lile jiwe la Songo Mnara, hilo ndilo nililokuwa naliota: kulisukuma sinia mbele ya Jafar na kifuniko chake, nimtazame anavyotafuta viatu vyake.

Lakini kuna jambo sijakuambia, na hili mjomba wako pia sijamwambia.

Simu yangu ilipopata mtandao pale Kilindoni, ziliingia sauti alizorekodi Jafar, moja juu ya nyingine. Alikuwa amesikia niko safarini. Analia ndani yake, Yasmin, na kilio chake unakijua. Anasema alikosea, anasema wewe ulimganda wakati mimi sipo na yeye ni mwanamume tu, anasema unamchosha, unamhesabia mpaka pumzi. Ananiambia nikimpa neno moja, wazee wake hawatarudi tena kwenu, watakuja kwetu. Ya mwisho aliituma juzi, baada ya kusikia nimevishwa pete. Hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Anasema kuwa mkaza mjomba hakuzuii kitu, na kwamba akishakuoa atakuwa akija nyumbani kwangu mara kwa mara kama mkwe, na hakuna atakayeuliza.

Sikumjibu. Nikimsikilizisha Aiuba sauti hizi, posa itakufa leo kabla ya magharibi, na Jafar hatakanyaga tena mtaa huu, kwa sababu mjomba wako, pamoja na yote uliyomwambia, anakupenda kama aliyekuzaa. Angekuokoa bila hata kufikiri. Ndiyo maana sijamsikilizisha.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta watu wa kunibembeleza nikubali. Nimeshakubali. Jumapili nitakaa mkekani, nitalipokea sinia kwa mikono miwili, nitalifunua mbele ya watu wote na nitapiga kigelegele cha kwanza mimi. Nilikuwa nadhani kukukatalia ndiko kutakuumiza. Sasa najua kukukatalia kungekuwa kukuhurumia, na huruma hiyo uliiacha bombani, katikati ya ndoo. Ulimtaka mwanamume wangu, nami nakupa. Mpikie, mlishe, mlinde asiende kwa shoga yako mwingine, uwe unamsikiliza akizungumza kwenye simu uani na ujiulize nani yuko upande wa pili. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya harusi, na nimeitoa kwa moyo wote.

Hata hivyo, desturi ya nyumba yenu unaijua, na mimi naingia kuitii. Binti anayebadili nia hamwambii mjomba usoni. Humwendea mkaza mjomba, mwenyewe kwa miguu yake, kabla ya wageni kufika, akaketi chini akamwomba amrudishie sinia. Chapa za kutoka Pemba zipo kila siku. Mlango wangu utakuwa wazi Jumamosi nzima, na sauti zote za Jafar ziko kwenye simu, utazisikiliza mwenyewe usije ukasema nimezusha. Ukija, nitakalofanya nitaamua nikikuona umekaa. Usipokuja, nitajua umependa zawadi.

Nisalimie wenyeji wako, na wote walionifahamu kwa maneno yako. Jafar naye akikupigia leo, mpe salamu zangu, mwambie nimemsikia vizuri mpaka mwisho. Mjomba anakusalimu sana. Yuko uani anapiga brashi viatu vyake vya Ijumaa, na anauliza kama barua hii imeandikwa kwa upole. Nimemwambia ndiyo.

Ni mimi,
mkaza mjomba wako,
Zuleica